Shuka Jeupe Uwanjani

Yotham alilitandua shuka la mkewe likiwa bado na joto la homa, akalifunga kiunoni, akambeba mgonjwa mgongoni mpaka kiwanja cha ndege.

Zamani ndege ya serikali ilitua hata kwa mgonjwa mmoja. Siku hizi, wenyewe wanasema ni soko huria, ndege ya kampuni hupita juu kwa juu. Haitui mpaka rubani aone shuka jeupe chini, maana yake abiria wamefika watatu. Na barabara ya Dodoma imekatwa na korongo tangu masika.

Alimlaza mkewe chini ya mgunga, akalitandaza shuka, akalikandamiza kwa mawe kila pembe. Jasho la mgonjwa lilikuwa limeacha alama ya bega lake katikati.

Ndege ikazunguka, ikatua, ikatimua vumbi. Rubani akachungulia bila kuzima injini.

“Mzee, wengine wako wapi?”

“Hakuna wengine. Ni mke wangu tu.”

“Bosi kasema watatu. Sogea niruke.”

Yotham akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye gurudumu.

“Basi zima injini, mwanangu. Tuwasubiri hao wawili pamoja.”