Honi ya Tatu

Siku hizi dereva wa treni akistaafu, mazoea yake yote hubaki ndani ya injini, na injini hupewa jina lake. Ndiyo maana Mwalongo alikuwa amejikunyata kitini nyumbani, huku Mwalongo mwingine akivuta mabehewa yaliyobeba shaba kupanda mlima wa Makambako, bila mtu ndani.

Yule wa kitini hakutaka hata kuisikia. Tangu astaafu hakuvuka ua wala hakula akashiba, mpaka mkewe, Yudita, akachoka.

"Baba Faraja, inuka. Kuna mahali nataka ukaone."

Alimpeleka nyuma ya mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, kwenye kona ya reli isiyojulikana hata na wachunga ng'ombe. Hapo ndipo Yudita alipokuwa akija kila Jumamosi kumtazama mumewe akipanda mlima.

Treni ikaja ikihema. Reli zilikuwa zimelowa ukungu, magurudumu yakaanza kuteleza.

"Mchanga! Mwaga mchanga!" Mwalongo akafoka, na kabla hajafunga mdomo injini ikamwaga mchanga relini, ikapanda. Kwenye kona ikapiga honi mbili, kama alivyopiga yeye miaka yote kumwambia Yudita abandike sufuria. Kisha ikapiga ya tatu.

Mwalongo akaduwaa. "Hiyo sikuifundisha mimi."

"Mbili ni zangu, nazipata kila nikija," Yudita akasema. "Ya leo ni yako."

Mwalongo alitazama behewa la mwisho likimezwa na ukungu, akalipungia mkono. Kurudi, yeye ndiye aliyetangulia, njaa inamuuma.

"Jumamosi tuwahi," alisema. "Tukichelewa, itasimama kutungoja."