Gubiti Ndani ya Bilauri

Beatrisi alitandika gunia chini ya kinu ili kisilie, akaanza kutwanga gubiti, zile pipi ngumu za sukari. Kila baada ya mapigo matatu alisita, akatega sikio. Kule barazani baba mkwe alikuwa bado anazungumza. Akaendelea kutwanga.

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Boksingdei ya mwaka wa hamsini na saba, na nyumba yao ya mtaa wa Mabawa ilikuwa inangoja wageni thelathini. Sherehe ya watu wazima tu. Watoto wangepelekwa kwa jirani, Bi Mastura, ambaye ndiye aliyeuza hizo gubiti. Beatrisi alikwisha kuwatambia wanawake wa klabu ya dansi kwamba safari hii watakunywa vitu visivyopata kunywewa Tanga: tembo la mnazi lenye gubiti, mvinyo wa tangawizi wenye peremende, brandi iliyochanganywa na kahawa na tofi.

Halafu jana yake, bila hata barua, baba mkwe akateremka kwenye basi la Lushoto.

Mzee Abrahamu alikuwa mzee wa kanisa. Siku ya harusi yao alivunja mitungi mitatu ya boha, pombe ya miwa, mbele ya wageni, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kuaga. Kwa miaka sita hakukanyaga kwa mwanawe. Sasa amekuja mwenyewe, na amempakata mjukuu wake kwa mara ya kwanza.

"Tuiahirishe," Zebedayo alimnong'oneza mkewe usiku ule. "Akiondoka tena kwa hasira, hatarudi."

"Kadi zimeshagawiwa, baba Elia. Na siku hiyo anakwenda kushinda kwa rafiki yake Muheza, kasema kwa kinywa chake. Akirudi atakuta nimeshaosha bilauri."

Likabaki tatizo moja. Beatrisi alikuwa na mafua makali. Pua imeziba, na ulimi haukuweza kutofautisha asali na maji ya bahari. Zebedayo alishinda ofisini. Nani ataonja?

Akamwendea Noa, fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele. Noa alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi. Wakati wote alikuwa na kikombe cha maziwa pembeni ya cherehani yake, na siku hizo alikuwa anamshonea Mzee Abrahamu koti.

"Nionjee tu, shemeji, uniambie imekaaje. Lakini mzee asikuone!"

Noa alikuna kichwa kwa muda mrefu. "Hataniona nikinywa," alisema mwishowe.

Basi ikawa hivyo. Beatrisi alichanganya uani, Noa akafunika bilauri kwa kitambaa na kutoka nayo kwa njia ya uchochoroni. Baada ya dakika chache alirudi na bilauri tupu na hukumu.

"Gubiti imezidi. Inafunika tembo."

"Hii ya peremende ni dawa ya kikohozi. Ndimu, shemeji. Kamulia ndimu mbili."

"Tofi iyeyuke kwanza ndani ya kahawa ya moto. Ipoe, ndipo utie brandi."

"Kumbe wewe bingwa!" Beatrisi alishangaa. Noa aliinamisha macho, akarudi kushona. Bilauri kumi na mbili kwa siku tatu, na mshono wake haukupinda hata kidogo.

Mambo mengine nayo yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Koti halikwisha, mzee akawa kila siku yuko kwa fundi kupimwa, lakini hakulalamika. Alilala usingizi mzito baada ya chakula cha mchana. Aliamka anaimba tenzi, akimrusha mjukuu juu na kumdaka.

"Hewa ya bahari imenikubali," alimwambia mwanawe.

Zebedayo alifurahi kupita kiasi. Ndipo hofu yake ikazidi maradufu.

Boksingdei, saa tatu asubuhi, mzee alivaa koti jipya, akaaga kwenda kupanda basi. Saa tisa alasiri nyumba ilikuwa imejaa. Santuri zilipigwa, wanawake wa klabu walirudia kujaza, wengine wakachokoa kwa vidole gubiti iliyobaki chini ya bilauri. Hata Bwana Hatibu wa ofisini, asiyegusa kileo, alipewa maji ya ndimu yenye gubiti, akaomba tena. Beatrisi alicheka mpaka pua ikazibuka.

Mlango ukafunguka.

Mzee Abrahamu alisimama kizingitini, fimbo mkononi. "Basi nimelikosa," alisema.

Mtu mmoja akanyamazisha santuri. Zebedayo alificha bilauri mgongoni. Beatrisi akajisogeza, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani katengeneza vitu hivi?"

"Mimi, baba. Mwanao hana kosa. Kama ni kuvunja, vunja vyote. Lakini usiondoke."

Mzee aliisogelea meza. "Na umevipimaje, nawe una mafua?"

"Fundi Noa ndiye aliyekuwa akinionjea."

Watu wote wakageuka kumtazama Noa. Noa alitazama viatu vyake.

"Noa ana kidonda cha tumbo, hajaonja hata tone," mzee alisema, akavuta kiti na kukaa mezani. "Nipe ile ya jana jioni, mkwe wangu. Aliniharakisha, sikuimaliza."