Pumzi Kabla ya Amina

Katika darasa la jioni la kompyuta, Perpetua aliibana rekodi ya sala ya marehemu mumewe ili itoshe kwenye simu, kisha akaifuta ile ya kwanza.

"Mwalimu, mbona sasa havuti pumzi kabla ya Amina?"

"Ukibana, mama, kompyuta hutupa sauti ndogo ambazo sikio halizitambui."

"Langu liliitambua. Irudishe."

"Haiwezekani. Imeshapotea."

Akavaa visikilizio, akasikiliza tena. Kabla ya Amina palikuwa kimya kabisa. Akavuta pumzi kwa niaba ya mumewe, na hapo mumewe akasema Amina.

Akarudia, safari hii akibana pumzi yake mwenyewe. Wenzake walichukua mikoba, wakaaga. Masikioni mwake, ndani ya ule ukimya, mumewe alikuwa bado anamsubiri avute pumzi.