Kidole Chini ya Lori

Haya ni kweli tupu, sijaongeza chumvi hata punje.

Lori la mawe ya dhahabu aliloendesha Adero lilikwama Kerende. Gia haziingii, dashibodi inaonyesha namba ya hitilafu. Mimi fundi, ninayejisifu kuzisoma namba hizo kwa kunusa nilimwambia bosi wake kwenye simu, "Dereva wako kaunguza giaboksi." Akamfukuza kazi palepale.

Nikaingia chini. Bomba la upepo unaosukuma gia, nililolifunga mwenyewe jana, lilikuwa linavuja. Nikaliziba kwa kidole lisisikike.

"Mzee! Namba imefutika, gia inaingia!" Adero akapaza sauti kutoka kwenye usukani.

"Nimeiombea, mwanangu."

Nikatoa kidole nifute jasho. Fyuuu. Namba ikarudi.

Adero akashuka, akachungulia, akampigia bosi wake na kuninyooshea simu.

"Bosi," nikasema, kidole kimerudi bombani, "kosa ni langu."