Bao la Nne

"Nishikie hapa," Mwinshehe alisema, na Kibasila akaushika mguu wa ng'ombe juu ya gogo la bucha, huku akiwasimulia wateja wenzake nusu fainali ile, kama kila Jumapili. Timu yake ilikuwa nyuma mabao matatu, ikarudi ikashinda kwa manne. Kipa aliyefungwa ndiye huyu anayewakatia nyama. Miaka yote alicheka nao. Leo mdomo ulikataa.

"La kwanza, kichwa!"

Shoka likashuka. Vipande vya mfupa vikamrukia Kibasila usoni, watu wakacheka.

"La pili, penalti!"

Likashuka tena, na damu ikatapakaa shatini mwake.

La tatu lilipotajwa, shoka lilitua kando ya kidole gumba. Kibasila akataka kujitoa, lakini mkono wa kushoto wa Mwinshehe, uleule ulioachia mpira wa mwisho siku ile, ulishamkamata na kumbana kwenye gogo.

"Ndugu yangu, ule ulikuwa mpira tu."

"Bado moja," Mwinshehe alisema, akiinua shoka. "Wasimulie."

Kibasila alijivuta kwa nguvu zake zote. Safari hii mkono haukuachia.