Zamu ya Nyumba Namba Saba

Neno lilikuwa moja, miandiko minne. Ijumaa mchana, mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea alifungua daftari la chakula cha wazee. Kwenye mstari wa nyumba namba saba, kwa yule bibi anayeishi peke yake, akakuta: Amelala. Amelala. Amelala. Amelala.

Wiki hiyo hakuwa na pa kupumulia. Jumatatu kuzibua mitaro, Jumanne kuchangia damu, kisha siku mbili za kupaka rangi zahanati. Kwa wazee alipanga mtu mpya kila siku, akianza na yeye mwenyewe, asichoke mmoja. Na sheria ilikuwa yake mwenyewe: mzee akilala asiamshwe. Acha chakula, chukua chombo cha jana, andika, nenda.

Mwandiko wa kwanza ulikuwa wake. Jumatatu alichungulia mlangoni, akamsikia bibi anakoroma, akacheka kimoyomoyo, akawahi mitaro.

Kando ya sinki kulikuwa na vyombo vilivyorudi jana. Akatafuta chenye alama ya saba. Alipokiinua, kikamwelemea mkono. Ndani, maharage yalikuwa vilevile yalivyopakuliwa, na kijiko bado kimeviringishwa kwenye karatasi yake.

Simu ikaita. Alikuwa binti wa zamu ya leo.

"Mama, wazee wote nimewamaliza. Bibi wa namba saba nimemkuta amelala fofofo, nikamfunika shuka vizuri. Maskini, kapumzika. Leo hata hakoromi."