Mgeni Asiyepiga Hodi

Tangu chama cha wapenzi wa kompyuta kianze kuwaunganisha walio mbali kwa mtandao, katibu wao, Bi Zuhena, hakumwamini yule aliyejiandika "Mgeni". Kila mkutano alikuwa kidirisha cheusi tu, hana uso wala sauti.

"Huyu katumwa," alimnong'oneza mwenyekiti. "Anatuibia kazi zetu."

Jumamosi hiyo uzalendo ukamshinda. "Wewe Mgeni! Kwetu mtu hupiga hodi. Fungua sauti tukusikie!"

Sauti ikafunguka. Ilisikika nyundo ya fundi bati: ko, ko, ko. Zuhena akageukia dirisha. Mlio uleule ulikuwa ukipanda kutoka mtaani hadi chumba chao cha mikutano, ghorofa ya pili, na kila pigo lilirudiwa na kompyuta kwa kuchelewa kidogo.

"Kumbe yuko hapahapa!" Akakimbilia kwenye ngazi.

Chini kabisa ya ngazi, kwenye kiti cha magurudumu, simu mkononi, alikuwa Bwana Ngoda, mwanachama ambaye Zuhena alimfuta daftarini mwaka jana kwa utoro, bila hata kuuliza kulikoni.

"Hodi, Bi Katibu," alisema.

Juu, nyuma ya Zuhena, kompyuta ikarudia, "Hodi," na wanachama, kwa mazoea, wakaitikia kwa pamoja: "Karibu, pita ndani!"